Kikao cha Dharura cha Kamati ya Matendo ya Huruma Kuhusu Kufunguliwa kwa Stoo

TAREHE: Jumamosi, 9 Agosti
MAHALI: Chumba cha nyuma cha kanisa
WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (muuguzi mstaafu), Mtunza Stoo, yaani Mama Funguo, Fundi Randa (seremala), Katibu (mwalimu wa darasa la tatu, mwandishi)
HAKUHUDHURIA: Mchungaji, aliyekuwa ukumbini na waliounguliwa

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala saa tisa na dakika ishirini. Alieleza kwamba moto wa jana umeteketeza nyumba ya wapangaji nyuma ya karakana, na familia tisa zimelala kwenye mabenchi ya ukumbi wa kanisa. Miongoni mwao, mke wa fundi cherehani ana mtoto wa siku nne, aliyefunikwa kitambaa cha meza. Mwenyekiti aliomba vitu vyote vya stoo vitolewe leo.

KUMB. NA. 4/2: MAONI YA MTUNZA STOO
Mtunza Stoo alikubali theluthi moja tu. Alikumbusha kwamba utaratibu wetu ni kubakiza theluthi mbili kwa ajili ya siku mbaya zaidi. Fundi Randa aliuliza, "Mama, hiyo siku mbaya zaidi utaijuaje? Itapiga hodi?" Mtunza Stoo alijibu kwamba hajibizani na mtu anayeahidi kutengeneza rafu za stoo tangu Pasaka. Fundi aliomba hilo lisiandikwe. Limeandikwa kwa sababu ni kweli.

Mwenyekiti alimuuliza kwa upole anaogopa nini. Mtunza Stoo alieleza kwamba mwaka aliofiwa na mume alikuja hapa na watoto watatu, akaambiwa vitu vimeisha. "Nilirudi mikono mitupu. Nikaapa, nikishika mimi funguo, hakuna atakayeambiwa hivyo."

Mwenyekiti alisema, "Pole, dada yangu. Lakini Mungu aliyewalea wanao bila stoo hii, leo ameishiwa? Na hawa wa ukumbini tuwaambie vitu vipo ila si vyao?" Mtunza Stoo alifuta macho, akasimama na funguo zake.

KUMB. NA. 4/3: MLANGO KUGOMA
Kufuli lilifunguka, mlango ukagoma. Ilibainika kwamba kwa zaidi ya mwaka mmoja michango imekuwa ikisukumwa ndani kupitia kidirisha cha juu, kwa kuwa stoo ilijaa, na marobota yalikuwa yameangukia mlango unaofungukia ndani. Hakuna mjumbe aliyewahi kulisema hili kikaoni, Katibu akiwemo.

Fundi Randa aliukata mlango kwa msumeno. Mablanketi yalimwagika hadi magotini mwa Mwenyekiti, yakifuatwa na sufuria, nguo na magodoro. Magunia mawili ya maharage yalikutwa yameliwa na wadudu. Mwenyekiti alitaja mana ya jangwani, iliyowekwa akiba ikaota mabuu, ila hakuendelea, kwani sote tulikuwa tumeelewa.

KUMB. NA. 4/4: UTEKELEZAJI
Iliazimiwa kwamba vyote vitolewe, na mlango usirudishwe. Mtunza Stoo alibeba blanketi la kwanza mwenyewe, akamfunika mtoto. Mama mtu aliuliza alirudishe lini. Akajibiwa, "Halirudi, mwanangu. Ni lenu."

Ukumbi mzima uliimba. Katibu naye aliimba, na anaomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hajawahi kufurahi namna ile katika miaka sita ya kuandika vikao.

KUMB. NA. 4/5: MENGINEYO
Stoo ikiwa imebaki sakafu tupu, alifika mlinzi wa karakana na mkewe, nao waliounguliwa, wakauliza kama kuna kilichosalia. Wajumbe walimtazama Mtunza Stoo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia kujibu.

Mtunza Stoo alimpokea yule mama furushi lake, akasema, "Vya stoo vimeisha. Mungu hajaisha. Twendeni kwangu, vitanda vipo."

KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Sala ya kufunga ilifanyika bila Mtunza Stoo, aliyekwisha kuondoka na wageni wake, na sauti yake ikiimba ilisikika hadi tulipotamka amina.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................