Mganga Yuko Nje Analinda Mizigo

Chanika,
3 Juni 2025

Mdogo wangu Edgar,

Salamu nyingi kutoka huku shamba. Sisi hatujambo. Homa ya Stephano imeshuka, leo kanywa uji wote na ameanza kusumbua kuku, ndipo nikajua mtoto amepona. Shemeji yako Brightson anakusalimu. Kifua chako kinaendeleaje? Usikipuuze.

Baada ya salamu, nimekasirika. Tulikubaliana ugomvi wa mchezo wetu wa dadu na hadithi hauandikwi kwenye grupu la WhatsApp, tangu ile siku Abid alipojitoa kwa sababu ya upinde wake. Unaandikwa karatasini na kupelekwa kwa mkono. Basi nimeandika barua, na Jesca ataibeba akitoka kufundisha huku.

Jesca kaniambia Jumapili umebadilisha fani zote za wahusika wetu. Mhusika wangu, mganga Nyakato, umemkata uponyaji nusu. Nusu nyingine umeitia kwenye vichupa vya dawa ukawagawia wote: Jesca na panga lake, Abid na upinde wake, Masuma na kazi yake ya kutegua mitego. Kila mmoja sasa anajitibu mwenyewe! Wewe ndiye msimulizi, mapango na majini unatunga wewe, sikatai. Lakini miaka mitatu namlea yule mganga, halafu unamkata mimi sipo, nauguza mtoto? Hata kuniuliza?

Nijibu.

Dada yako,
Auleria


Mwananyamala,
6 Juni 2025

Dada, shikamoo.

Nimefurahi Stephano amepona. Kifua bado kinakwaruza ila kazini naenda.

Usinune kabla hujanisikia. Jumapili mbili hukuja. Desturi yetu unaijua: asiyekuwepo, mhusika wake anabaki nje kulinda mizigo. Basi Nyakato kakaa nje ya pango na masufuria na mablanketi, sie ndani tunachinjwa. Masuma kategua mtego wa kwanza, wa pili ukamvunja mguu, hakuna wa kumtibu. Nusura wafe wote, mchezo wa miaka mitatu uishie kwa panya. Panya, dada!

Ndipo nikapiga hesabu kila fani inatoa nini. Panga linaumiza, upinde unaumiza kwa mbali, mitego ni ya Masuma. Ila wewe ukiponya, kazi yote ya adui inafutika. Abid akasema, "Auleria akiwepo hatufi, asipokuwepo hatuponi. Mchezo gani huo?" Nikaona ana haki. Hiyo ndiyo mizani, si uonevu. Sasa hata usipokuja hatukwami.

Wasalimie wote.

Mdogo wako,
Edgar


Chanika,
10 Juni 2025

Edgar,

Marahaba. Tu wazima. Natumaini nawe una afya, maana nataka hii uisome ukiwa na nguvu.

"Hata usipokuja hatukwami." Umeyaandika kwa mkono wako, ukakunja, ukampa Jesca aniletee. Nimeyasoma jikoni, wali ukaungua.

Sasa sikiliza kuhusu hesabu yako. Umehesabu ninavyoponya, hukuhesabu wenzangu wanapata nini humo. Jesca anaruka katikati ya maadui bila kutazama nyuma kwa sababu anajua nipo. Abid hajawahi kukubali kukimbia hata siku moja kwa sababu anajua nipo. Ushujaa wao wote ulikuwa mikononi mwangu, halafu mimi ndiye ninayeonekana nimezidi! Kama ulitaka mizani, ungenipunguzia alama za uhai, si kazi. Ungesema mganga lazima amguse mgonjwa, asogee pale pale panga linapopita, naye aumie kama wenzake. Ningelalamika, lakini ningekubali.

Huku mimi ni mama Stephano, yule wa nyumba isiyopigwa plasta. Majirani ni watu wema, ila hakuna anayeniuliza jambo. Ni kwenye meza yenu tu watu hugeuka kunitazama kwanza kabla ya kuamua waingie au wasiingie. Ndiyo maana nilikuwa nakuja kutoka huku kote. Na hicho ndicho ulichokitia kwenye vichupa. Imeniuma sana, Edgar.

Nyakato namrudisha. Karatasi yake na dadu zangu anazo Jesca, pamoja na tangawizi ya kifua chako. Ichemshe, usiitafune.

Dada yako,
Auleria


Mwananyamala,
23 Juni 2025

Dada, shikamoo.

Natumaini mko salama. Kikohozi kimekwisha, tangawizi imefanya kazi. Sikujibu mapema kwa sababu nami nilikasirika. Unanirudishia dadu kama mtu anayerudisha sufuria la jirani!

Jana tulicheza. Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Muharram, na unajua Abid na dada yake Masuma hawagusi mchezo mpaka Muharram na Safar, miezi yao ya maombolezo, ipite. Nikataka tulimalize pango. Kweli hakuna aliyekwama, dada, lakini pia hakuna aliyesema na mwenzake. Mtu anaumia, anakunywa kichupa chake, anasubiri zamu. Jesca akawa kwenye simu. Masuma akauliza mara mbili kama chai iko tayari. Mizani nilikuwa nayo, mchezo sikuwa nao.

Mwishoni jini akampiga Abid, akaanguka. Amebakiwa na kichupa kimoja. Nikamwambia anywe.

"Mie sinywi," akasema. "Mwite mganga."

Nikamwambia mganga yuko nje analinda mizigo.

"Basi nalala hapa hapa mpaka aingie. Andika hivyo, braza."

Masuma akachukua kalamu akafuta kichupa chake kwenye karatasi. Jesca naye akafuta. Mbele ya macho yangu! Hesabu ya wiki nzima imefutwa kwa dakika moja, na mimi ndiye niliyewakopesha kalamu.

Tukaachia hapo. Abid yuko sakafuni. Uponyaji wa Nyakato nimeurudisha wote, lakini lazima amguse mgonjwa, na uhai wake nimeupunguza, kama ulivyosema. Ile desturi ya kulinda mizigo nimeifuta kabisa: mmoja asipokuwepo, hatuingii pangoni, tunakunywa chai. Ningekuuliza tangu mwanzo. Nisamehe, dada.

Mdogo wako,
Edgar


Chanika,
2 Septemba 2025

Edgar,

Marahaba. Huku hatujambo. Brightson amepiga plasta ukuta wa mbele, Stephano ameshauchora kwa mkaa.

Usidhani hasira zimekwisha. Zaidi ya miezi miwili nimekaa kimya ili uzionje, na Jesca alikuwa akipita hapa kila wiki kuniangalia usoni, kama sijui nani anamtuma. Sheria zako mpya nimezisoma. Uhai umenikata mno, panya akinipiga kikumbo tu nimekwenda. Hilo tutagombana mezani, tena mbele ya watu.

Safar imepita. Jumapili nakuja. Mtoto atabaki na baba yake. Dadu zangu nizikute mahali pangu.

Na huyo Abid mwambie asithubutu kujinyanyua. Hiyo kazi ina mwenyewe.

Dada yako,
Auleria