Shairi langu limemfichua shangazi Mwanne

Jovithe, nimeharibu. Nimeharibu vibaya, ndugu yangu!

Leo kwenye harusi ya hapa mtaani Jabe nilipewa mikro nisome shairi la maharusi. Badala yake nikasoma lile nililotunga juu ya shangazi Mwanne, aliyepotea miaka thelathini iliyopita. Uchunguzi wangu wote ulimwelekea mzee Ilias, fundi magari, nikamtaja mbele ya watu kuwa ndiye aliyemuua.

Ilias akamgeukia Bibi.

Bibi ndiye aliyesimama, akanifokea: “We mutoto, kaa chini! Ilias alimuvusha mpaka Uvira, ng’ambo ya mupaka, na mi ndio nilimutuma. Mwanne yuko hai!”

Yuko hai, Jovithe! Nikataka kumkumbatia Bibi.

Halafu mume wa shangazi, yule ambaye kumbe vipigo vyake ndivyo vilivyomkimbiza, akaweka sahani chini, akauliza polepole: “Uvira sehemu gani?”