Beseni Lako na Kizunguzungu cha Yosefu

Mama mkwe,

Usishangae kuona mimi ndiye ninayekuandikia, mimi uliyesema bukari ninayosonga, ugali wangu, inafaa kuzibia ukuta. Sina mwingine wa kumwambia haya. Mwanao ni mgonjwa, na nimechoka kujifanya najua la kufanya.

Tulikuwa hata hatujamaliza kukulilia vizuri. Yosefu aliteleza kwenye ngazi ya kreni akishuka, akagonga kichwa. (Nyumbani bado namwita Yosefu, ingawa kazini majina ya ubatizo yamekatazwa kwa amri ya serikali.) Damu haikutoka, picha ya kichwa haikuonyesha kitu, basi watu wakasema amepona. Lakini mpaka leo akigeuka kumwitikia mtu, hushika ukuta. Kanisani akipiga magoti hainuki bila bega langu. Yeye aliyekuwa akiendesha kreni huko juu chini ya paa la kiwanda! Sasa anafagia karakana, na anaona haya hata kula mbele yangu. Anataka kurudi juu. Akirudi na kichwa hiki, ataanguka, au atawaangushia wenzake chuma. Hilo ndilo linalonitesa.

Kaka yako alikuja kutoka Kambove na mtu wa kunyoosha shingo. Mtu huyo hushika kichwa cha mgonjwa na kukizungusha ghafla mpaka mifupa ilie. Nilikataa. Kaka yako akasema mbele ya majirani: "Huyu mwanamuke njo hataki apone." Mama, neno hilo bado linaniuma. Ungekuwepo ungemjibu wewe, maana kwa ulimi hakuna aliyekushinda.

Vidonge vya hospitali vilimlaza tu kutwa nzima. Kisha kijana mmoja wa pale, anayefundisha wagonjwa mazoezi, akaleta njia nyingine. Yosefu anyooshe mkono, akazie macho kidole gumba chake, huku akigeuza kichwa kushoto na kulia. Eti kizunguzungu kinaletwa makusudi ili kichwa kikizoee. Siku za kwanza alitapika. Nilimuuliza yule kijana kama kweli inaponya. Akasema: "Mama, preuve siko nayo. Bamoja banapona, bengine hapana." Nilimheshimu kwa kukiri kwamba hana uthibitisho, na ukweli huohuo ukaninyima usingizi.

Unakumbuka uliponifundisha kubeba maji kichwani? Bomba la maji la kambi ya wafanyakazi lilikuwa limekauka, nami nilikuwa najimwagia yote mgongoni. Uliniambia: "Usiangarie beseni, angaria kwenye unaenda." Nilikazia macho bomba la moshi la kiwanda, na maji yakafika. Basi nilipoona kile kidole gumba, moyo uliruka. Halafu nikajionya kwamba kufanana si kupona. Huenda naamini mazoezi haya kwa sababu tu nimekukumbuka wewe, na kichwa cha mtu si mahali pa kubahatisha.

Hata hivyo tunajaribu. Akizidiwa tutaacha. Shingo yake haiguswi.

Juzi akasema mwezi ukiisha atapanda kreni, apone asipone. Tuligombana vibaya. Nikachukua beseni lako lile lililobonyea ubavuni, nikatia kikombe kimoja cha maji. Nikamwambia siku atakayolifikisha mlangoni bila kumwaga, apande. Mwanamume na beseni kichwani! Watoto wa jirani walicheka, naye akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Akatembea taratibu, macho kwenye bomba la moshi. Alipofika kwenye kamba ya nguo alilazimika kugeuka kuelekea mlangoni, na dunia ikageuka naye. Beseni likaanguka. Aliketi palepale kwenye tope akasema, "Mama angekuwepo, angenishika." Akalia. Nilimshika mimi, Mama, lakini mikono yangu si yako.

Pumzika sasa, nimekuchosha. Beseni lako limebonyea mara ya pili, unisamehe. Kwamba atapona, siwezi kukuahidi, maana hata waliosoma hawajui. Ninachokuahidi ni kwamba hatapanda kreni kabla maji hayajafika mlangoni, hata akininunia mpaka tuzeeke. Na kesho akijaribu tena, mimi nitasimama pale mlangoni, ili akigeuka apate pa kukazia macho.

Mke wa mwanao