Miwani ya Msusi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeumbuka! Karani wa mahakama, mteja wangu wa miaka tisa, amerudi. Amenivuta hadi nje juani, akageuza kichwa. Kulia rasta nyeusi tii. Kushoto — kahawia! Nilichanganya pakiti za rangi namba moja na moja B, yenye ukahawia. Ile B, sikuiona kabisa.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Jumatatu ijayo anaapishwa kuwa hakimu, na picha yake itatundikwa ukutani. Amesema nifumue na kusuka upya Jumamosi.

Wifi yangu, mwenye saluni, amesema mbele ya watu: kosa jingine, wifi, utahamia kwenye sinki, uoshe vichwa. Miaka ishirini na mbili nasuka — leo sinki? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi

Nimejipima kwa gazeti. Mkono ukinyooka, nasoma. Nikiukunja, ukungu mtupu. Mume wangu amejitolea kunishikia gazeti akiwa mlangoni. Amecheka peke yake. Kifungo cha shati lake atashona mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Kwa mtaalamu wa macho. Mama mmoja mpole, haongei sana. Ameniuliza umri. Arobaini na mbili, nikasema. Akashika kalamu, asiandike. Basi, arobaini na saba!

Si ugonjwa. Umri tu, kila mtu humfika. Nilipomwambia kazi yangu, ameniambia niinue mikono kama ninayesuka, akapima kwa futi ya fundi cherehani toka jicho hadi vidole. Sentimita arobaini. Miwani itakuwa tayari Ijumaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeichukua. Binti yangu amenipa kichwa chake nifanyie mazoezi. Ee! Mistari yake ya zamani, niliyoiita minyoofu, imepinda kama njia ya mlevi. Ni wangapi wametembea hivyo mjini wakanitaja jina? Nimeona aibu.

Nimesuka sita, nimefumua minne, nimesuka tena. Nikiinua macho ghafla napata kizunguzungu. Nitazoea.

Binti amesema nimekuwa kama bibi. Nikamjibu bibi yako alikuwa mrembo. Lakini imeniuma. Hata hivyo kesho naivaa, tena mbele ya wote.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nimepanga pakiti dirishani, nikasoma kila namba kwa sauti. Wifi akauliza tangu lini saluni ina profesa. Wakacheka wote. Nikacheka nao, nikaisukuma miwani juu ya pua, nikaanza.

Saa nane. Nusu ya kichwa tayari. Imenyooka! Wifi amepita mara tatu na hajasema neno. Kwa wifi, hiyo ni sifa.

Saa nane na nusu. Mteja ametoa karatasi ya kiapo ajizoeze kukisoma. Akaisogeza mbali. Akaisogeza tena. Mkono umenyooka hadi umegusa kioo! Nikamwangalia kwenye kioo, naye akaniangalia. Akaninong'oneza: kiapo atakisoma mbele ya watu mia mbili, na haoni maneno. Hajamwambia mtu yeyote. Ataanzaje kusema, na hata kazi hajaanza?

Nimeivua, nikampa.

Amesoma mstari wa kwanza bila kukwama. Kwa sauti. Saluni nzima ikageuka, hata wifi akazima draya. Hakimu kabisa! Machozi yalinilenga, sijui yangu au yake.

Saa tisa. Amekisoma mara nne. Kila nikinyoosha mkono anasema, mara moja tu, dada. Nasimama nyuma ya kiti nikiandika haya kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Wifi anatazama saa, kisha ananitazama mimi. Kesho Jumapili, duka la miwani limefungwa. Keshokutwa saa tatu anaapa.

Ameanza tena mara ya tano. Upande wa kushoto bado haujaguswa, na miwani iko puani kwake.