Sauti ya Tatu ya Papa

Nairobi

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, Mama na Furaha mdogo wangu. Mko aje huko Ndosho? Usingizi mnapata? Na mkono wako, Papa, umeanza kushika chuma au bado unauma? Mimi mwili ni mzima, na baridi ya huku nimeizoea. Lakini aibu niliyo nayo hainiachi hata kula vizuri. Ndiyo maana nimeandika kwa kalamu, na barua hii nampa Mama Neema, yule anayeleta nguo za kuuza Goma, aiweke mkononi mwako. Kwenye simu ningeishia kusema habari za mvua.

Najua utakavyonijibu: "Haina shida, mutoto, uko na kazi." Habari ya mkono nimeipata kwa Furaha. Usimgombeze. Ulimwambia aseme ulianguka, naye alisema hivyo mpaka nilipombana.

Kazi yangu sijawahi kukueleza vizuri, na humo ndimo nilimokukosea. Mimi hutengeneza kurasa za intaneti. Ukurasa una upande wa mbele anaouona mteja: picha, bei, vitufe vya kubonyeza. Ndani yake kuna dirisha lingine la sisi mafundi, tunaliita konsoli. Humo ukurasa unatuandikia kila unachofanya, mstari kwa mstari: nimefungua picha, nimemtambua mteja, nimeshindwa kupokea malipo. Wenzangu walikuwa wanaiandika mistari yote kwa namna moja na rangi moja. Kosa kubwa likawa linapita katikati ya porojo na hakuna anayeliona.

Nikakumbuka karakana yako. Katika kelele za kukata milango ya chuma ulikuwa na sauti tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mazungumzo tu. Ya pili, "Muangalie!", wakati cheche zinaruka. Ya tatu, "Mutoke!", hukuitoa ovyo hata siku moja. Niliisikia siku mlima wa moto ulipolipuka. Ulisimama kwenye lango la parsele, ua wa nyumba yetu, mbingu nyekundu nyuma yako, ukakataa kulifungua mpaka umetaja jina la kila mmoja wetu naye ameitika, "Niko!" Ndipo tukashika barabara ya Sake na magodoro kichwani. Jirani yetu alifika mbali ndipo akagundua kwamba mama yake amebaki nyumbani. Kwetu hakubaki mtu.

Basi nikaandika programu ndogo ya kupokea kila ujumbe kabla haujaingia konsoli, ili niuvike rangi na kichwa chake. Mazungumzo yakawa ya kijivu, herufi ndogo. Onyo likawa la njano, na mbele yake neno "Muangalie". Kosa la kusimamisha kazi nikalipa wekundu na herufi nene: "MUTOKE!" Haukupita muda tukalikamata kosa la malipo lililokuwa linatusumbua, na mkubwa wa kazi akanisifu mbele ya wote. Sikusema sauti ile ni ya nani.

Unakumbuka waasi walipokuwa wanasogea Kibati ulivyokuwa ukinipigia. Unataja majina, langu la mwisho, nami naitika "Niko!" katikati ya ofisi. Wenzangu walicheka. Kamau, anayekaa meza ya pili kutoka yangu, akaniuliza kama kwetu ni kambi ya jeshi. Ningeweza kumweleza. Badala yake nilicheka nao, nikasema baba yangu ana mambo yake ya kizee. Nilikukana, Papa, mbele ya watu ambao hata si wabaya. Wangenisikiliza kama ningesema.

Tangu hapo neno lako likawa mchezo. Picha ikichelewa kufunguka, Kamau anaipa sauti ya tatu. Kitufe kikipinda kidogo, "MUTOKE!" Konsoli nzima ikawa nyekundu, nasi tukaacha kuisoma. Neno likahamia kwenye kundi letu la simu: sukari ikiisha, mtu anaandika MUTOKE. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote.

Siku mabomu yalipofika kwenu, simu ilikuwa mezani. Niliona neno hilo limetokea kwenye kioo, nikasema, "Leo nani tena kamaliza sukari?" nikaigeuza kifudifudi. Sikutazama jina. Alikuwa Furaha, ameandika kwa sababu mtandao wenu ulikataa kupiga. Baada yake ikaja sauti yako uliyoirekodi langoni, huku ukingoja niitike kwa kuujibu ujumbe wa Furaha. Niliisikiliza nilipofika nyumbani.

Nimeisikiliza mara nyingi sana tangu siku hiyo. Unaita, "Mama Espoir!" Anaitika, "Niko!" Unaita, "Furaha!" Anaitika, "Niko!" Kisha unaita, "Espoir!" na baada yake nasikia mabomu tu. Unaita tena, "Espoir!" Mama anasema, "Baba Espoir, twende." Nawe unamjibu, "Mumoja bado hayaitika." Mwishowe Mama anaitika kwa niaba yangu: "Niko!" Hapo rekodi inakatika. Furaha anasema kipande cha bomu kilikupata ulipokuwa unavuta komeo. Kama ningeitika mara ya kwanza, mngekuwa mmeshatoka. Nimejaribu kulipindua jambo hili huku na huku, na kila mara linarudi kwangu.

Kesho yake nilimweleza Kamau kila kitu. Alivuta kiti akaketi karibu nami, tukaliondoa neno lako kila mahali. Wekundu umebaki kwa kosa kubwa tu, na limeandikwa "Kosa", basi. Anakuomba msamaha, nami nimemwambia wa kuomba ni mimi.

Kuna jambo moja nakusihi. Furaha ameniambia kwamba juzi risasi ziliposikika uliita majina, na ulipofika kwangu ukapita. Ukasema, "Huyu mumuache, iko ku kazi." Papa, najua ulisema kwa huruma. Imeniuma kuliko kama ungenitukana. Usinihurumie hivyo. Niite hata nikiwa mbele ya wakubwa, hata kama ni kunijaribu tu. Namba yako na ya Furaha nimezipa mlio usiofanana na wa mtu mwingine, na simu sasa inakaa mfukoni, si mezani.

Nisalimie Mama, umwambie asiitike tena kwa ajili yangu. Msalimie shangazi wa Gisenyi aliyewangoja mpakani na blanketi, na yule kijana wa moto, mwenye pikipiki, aliyekufikisha hospitali huku shati lake limelowa damu yako. Furaha mwambie sina kinyongo naye hata kidogo.

Papa, siku ile uliniita mara mbili.

Niko.

Mwanao,
Espoir