Mama alikuwa anawapuliza vifaranga

Shikamoo mama Evelina. Naomba unisaidie mwanao maana nyumbani wameshachoka kunisikiliza, mume wangu Chenge ananiambia hao ni kuku tu, lakini mama yangu alipofariki kule Kamanga ndugu waligawana vyombo na vitenge, mimi nikaomba mtetea wake mwekundu na tenga lake, nikavuka naye kwenye kivuko nimempakata mpaka hapa Usagara, na gunia la ndani ya tenga sijalifua hadi leo kwa kuwa bado linanukia moshi wa jikoni kwa mama.

Sasa mtetea ameangua humo humo tengani, nikalia kwa furaha, nikawa nafanya yote kama mama, maana yeye kila asubuhi alikuwa anakaa mlangoni, anamshika kifaranga mmoja mmoja, anamgeuza, anampuliza manyoya ya nyuma, fuuu, sisi watoto tunacheka mpaka tunagaragara na yeye anacheka nasi, basi na mimi nawapuliza hivyo hivyo, nikifumba macho namwona mama kabisa. Ila wanakufa. Waliobaki wamekuwa wapole, mchana kutwa wamejikunyata juani, mabawa yameshuka, nikadhani wametulia tu, kumbe asubuhi naokota mwingine amekauka. Wifi yangu anasema marehemu anadai kuku wake, nimchinje mtetea yaishe. Wakiisha hawa sina tena kitu cha mama kinachopumua. Nimchinje kweli?

Bernadeta, Usagara

Marahaba, Bernadeta, na pole sana kwa kufiwa. Sasa nisikilize, na usinune. Kisu kirudishe jikoni. Marehemu hadai kuku, na wifi yako mwambie hivyo hivyo.

Eti ulifumba macho! Hapo ndipo ulipoharibu, mwanangu. Mama yako hakuwa anacheza. Alikuwa anafunua manyoya aone kama kinyesi kimeganda, kama kifaranga anaharisha, kama kuna damu. Kucheka alicheka kwa ajili yenu, lakini macho yalikuwa kazini. Na kifaranga aliyejikunyata kutwa, mabawa chini, hali, hachakuri, huyo si mpole hata kidogo. Anaumwa. Mzima ana kelele na vurugu, kumshika tu ni shughuli.

Leo hii watenge wagonjwa, uwaweke pakavu penye joto. Aliyegandwa na kinyesi msafishe kwa maji ya vuguvugu, umkaushe vizuri. Chombo cha maji kioshwe kila siku. Vidonge vya watu usiwape, nakukataza. Mbebe mgonjwa mmoja pamoja na kinyesi chake, umpelekee afisa mifugo, umweleze ulichoona, yeye ndiye atakayejua dawa.

Halafu hilo gunia. Najua nitakuumiza, na mimi nina kanga ya mama yangu kabatini siigusi, kwa hiyo sikucheki. Lakini gunia limelowa uchafu wa wagonjwa na wazima wanalalia hapo hapo. Lichome nyuma ya nyumba. Ukitaka kulia, lia.

Kesho asubuhi kaa mlangoni, uwapulize mmoja mmoja kama mama, safari hii ukiangalia. Na kama una mtoto, mkalishe karibu. Mwache acheke, ila mwambie unatafuta nini.