Wimbo Wangu wa Vifo

Jumanne, Ngokolo

Eti wimbo wa misiba! Albamu ya nyimbo za ile tamthilia ya runinga tunayoitazama mtaa mzima ina taarabu, bongofleva, kwaya, hata ngoma ya Kisukuma, na kila jirani ana wimbo anaousifia. Wangu tu, niliouimba mwenyewe, ndio wanaouruka, kwa sababu kwenye runinga ukianza, ujue kuna mtu anakufa.

Leo nimekwenda kumjulia hali dada yangu, Mama Kulwa, ana siku mbili hajala. Mlangoni nikajikuta nauimba. Akakurupuka kitandani: "Rudi nao huko huko! Mimi sijafa!" Akadai uji, akanywa mabakuli mawili huku ananikodolea macho.

Nimenuna njia nzima. Sasa hivi Kulwa kanipigia: "Shikamoo mama mdogo. Amegoma tena kula. Njoo uimbe."